Bosibori wa Kinu na Mwanamieleka Aliyeshinda Upesi

Kabla mashine za dizeli hazijafika Nyamache na kuanza kukohoa tangu alfajiri, unga wa upande ule ulisagwa na maji. Kijito kilichepushwa kwa mfereji, mfereji ukamwaga maji juu ya gurudumu la mbao, na gurudumu likazungusha jiwe juu ya jiwe ndani ya kibanda cha udongo. Kibanda hicho kilikuwa cha Bosibori.

Mumewe ndiye aliyekijenga, akafa kwa homa mwaka ule nzige walipokula mashamba mpaka wakaanza kutafuna nyasi za mapaa. Watu walidhani mjane atayauza mawe arudi kwao. Bosibori alijifunga leso kiunoni, akajifunza kuyachonga mawe yanapokuwa butu, na kujua kwa sikio kama wimbi, yaani ulezi, umekauka vya kutosha au la. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nyusi nyeupe kwa unga kila siku isipokuwa Jumamosi. Siku hiyo alifunga maji, akavaa gauni lake la kola na kwenda kusali na Wasabato wenzake, huku Wakatoliki wa mlima wa pili wakinung'unika kwamba njaa haijui Sabato.

Hakujaliwa mtoto. Alimlea Angwenyi, mtoto wa Makori, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye mama yake alifariki akimnyonyesha. Angwenyi alikua akilala juu ya magunia, na kabla hajabalehe alikuwa akiyabeba mawili kwa pamoja, moja kila kwapa, bila kuambiwa. Alikuwa kijana wa maneno machache. Ukimsalimia alijibu akiitazama miguu yako.

Wanaoikumbuka miaka ile, baada ya vita vya pili, hawaanzi kwa kuusifu unga wa Bosibori, ingawa ulikuwa mzuri. Wanaanza kwa kukumbuka foleni. Kusaga debe moja kulichukua muda, na watu waliongoja walikaa kwenye magogo nje ya kibanda wakibishana. Siasa ilikuwa mbali, na mpira ulikuwa bado mchezo wa watoto wa shule. Walibishana juu ya mieleka. Na kwa sababu mmoja wa wabishi wakuu alikuwa Otiende, mfanyabiashara aliyepanda kutoka ziwani na samaki wa moshi kila siku ya soko, ubishi uliendeshwa kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mlimani, kisichojali sana ngeli, lakini kila mtu alijua kutukana nacho vizuri.

Mbishi wa pili alikuwa Machogu, aliyerudi kutoka Burma na koti zito la jeshi ambalo hakulivua magogoni hata jua lilipowaka.

"Huyo kijana wenu," Otiende alisema siku moja, "ananiharibia safari. Nimetoka ziwani na mzigo kichwani, nimefika uwanjani, nimeinama kutoa mwiba mguuni. Nainuka, mtu yuko chini na watu wanakwenda nyumbani!"

"Kosa ni la mwiba," Machogu alijibu. "Angwenyi ameshinda. Ulitaka afanye nini? Amwombe mwenzake ruhusa?"

"Nilitaka nione! Anashinda kama mtu anayefunga mlango wa kuku. Kop! Basi. Nani atamwimbia mtu aliyefunga mlango?"

"Mla samaki wewe, unataka ngoma au unataka mieleka?"

"Nataka vyote, mla ndizi. Ninyi wenyewe mmesahau Nyamweya?"

Hapo hata wanawake waliokuwa wakipepeta walinyamaza, maana Nyamweya alikuwa jina tamu. Alikuwa mwanamieleka wa miaka ya thelathini, ambaye sasa alikuwa na goti bovu na hakutoka nyumbani. Kila mtu alikuwa na Nyamweya wake. Alikuwa akiingia uwanjani polepole, akazunguka, akawatazama watu kama mwenye nyumba anayewatazama wageni, kisha akauliza kwa sauti, "Mmekula?" Uwanja mzima ukajibu, "Bado!" Naye akamwonyesha mpinzani wake kwa kidole: "Basi ngojeni niwapikie huyu!"

"Na mara ngapi chungu kilimwagika," Machogu alisema. "Nyamweya alianguka zaidi ya alivyoangusha. Nilimwona mimi, akila nyasi."

"Ndiyo! Na tulimsindikiza hata alipoanguka."

"Kwa hiyo unataka Angwenyi aanguke?"

"Nataka nimjue! Nyamweya nilikuwa nikimjua. Huyu wenu namjua mgongo tu, akienda."

Bosibori alisikia yote hayo akiwa ndani, mkono kwenye tundu la unga. Kwa kawaida hakuingilia. Siku hiyo alitoa kichwa mlangoni.

"Nyamweya mlikuwa mkimwona akiogopa," alisema. "Halafu mnamwona akiendelea. Ndiyo maana."

"Mama, mwanamieleka haogopi," Machogu akasema.

"Wewe huko Burma hukuogopa?"

Magogo yalitikisika kwa kicheko, na Machogu akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

Ubishi huo haukuwa wa kupitisha wakati tu. Mwaka huo chifu alikuwa ameleta habari kwamba baada ya mavuno ya wimbi kutakuwa na siku kubwa ya michezo Getembe, ambako ndiko mjini Kisii, na kila ukoo upeleke mwanamieleka mmoja. Wa kwao angepatikana kwenye uwanja wa chini ya soko la Nyamache, Jumapili jioni, Wakatoliki wakishatoka misa. Na huko kulikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Haikutosha kuwa mshindi wa mwisho. Ilibidi watu wenyewe wamfuate wakiimba, wampandishe mlima mpaka mlangoni kwa mama yake. Mshindi asiyesindikizwa, wazee walimwacha wakamtafuta mwingine, wakisema kwamba mtu asiyependwa nyumbani hawezi kubeba jina la nyumbani ugenini.

Msimu uliotangulia Angwenyi alimwangusha kila aliyesimama mbele yake. Alirudi nyumbani akiwa na Bosibori peke yake, wote wawili kimya, nyuma yao vumbi tupu.

Alitaka kwenda Getembe. Hakusema, lakini Bosibori alijua. Alimwona asubuhi akishika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, akiipima kama kiuno cha mtu. Alimsikia usiku akiuliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa, "Mama, huko Getembe watu ni wengi kiasi gani?"

Basi mashabiki wakaamua kumtengeneza.

Machogu alianza. Alisema mtu hupendwa kwa adabu ya kijeshi na maneno makali. Alimvika Angwenyi koti lake, akamfundisha kupiga saluti na kukariri majigambo marefu: yeye ni radi ya mto Gucha, yeye ni nyati aliyekataa zizi. Jumapili ya kwanza ya msimu Angwenyi aliingia uwanjani kwa mwendo wa gwaride, koti likimburuza. Akapiga saluti. Akasema, "Mimi ni radi ya..." Akanyamaza. Akatazama chini. Akaanza tena, "Mimi ni radi ya..." Sauti moja kutoka nyuma ikamalizia, "Ya kiangazi!" Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Angwenyi alivua koti, akalikunja vizuri, akamwangusha mpinzani wake mara moja na kuondoka.

"Koti lilikuwa kubwa kwake," Machogu alijitetea magogoni.

"Koti ni jembamba," Otiende alisema. "Uongo ndio mkubwa. Sasa mniachie mimi."

Otiende aliamini kwamba siri ni kuyumba. Samaki, alisema, huuzwa kwa kupinduliwa; mnunuzi asipoona pande mbili haondoki na kitu. Alimfundisha Angwenyi ajifanye anazidiwa, apepesuke mpaka ukingoni, ashike kichwa, kisha ageuke ghafla na kumbwaga mtu. Jumapili ya pili Angwenyi alijaribu. Alipepesuka kabla hajaguswa. Alishika kichwa, na mpinzani wake, kijana mwema, akamwachia akamuuliza kama anaumwa. Bibi mmoja akapaza sauti, "Mpeni mtoto uji jamani, hajala tangu asubuhi!"

Safari hii Angwenyi hakurudi nyumbani mpaka giza. Bosibori alimkuta kwenye mfereji, magoti ndani ya maji, akitoa matope ambayo hayakuhitaji kutolewa.

Alikaa ukingoni. Hakumwambia pole.

"Nieleze," alisema. "Ukishamshika mtu, kwa nini unamaliza haraka vile? Ungeweza kukaa naye."

Angwenyi aliendelea kuzoa matope. Mwishowe akasema, "Ili watu waache kunitazama."

"Watu?"

"Mikono ya mtu siiogopi, mama. Macho yao ndiyo siyawezi. Nikimwangusha, wananiacha niende nyumbani."

Miaka yote ile Bosibori alidhani kijana ni mwepesi kwa sababu ana nguvu.

"Mimi, mume wangu alipokufa," alisema, "asubuhi ya kwanza nilipofungua maji, watu wote walikuja. Hawakuja kusaga. Walikuja kuona kama nitaweza. Nilitamani gurudumu linisage mimi. Nikasema, basi, nitawatazama na mimi, mmoja mmoja, nijue nani ameleta nini. Yule ana mtama, yule ana wimbi mbichi, yule hana kitu, ana macho tu. Ilipofika mchana sikuwa naogopa sana. Si kwamba niliacha. Sikuwa naogopa sana."

"Sasa nifanye nini?"

"Usijifanye kitu. Ukimshika mtu, kaa hapo. Tazama nani amekuja."

Kabla ya kila pambano, kila mwanamieleka alitanguliwa na mtu wa kutaja nasaba yake. Alitaja majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Wito huo ulikuwa sifa, lakini ulikuwa pia kinga. Kwa Wagusii baba si yule aliyekuzaa tu. Ndugu zake wote ni baba zako, na wana wa baba zake wadogo pia, hata kama wewe umewazidi miaka. Kati ya baba na mwana kuna heshima waliyoiita chinsoni: hawaoneani utupu, hawataniani ovyo, hawakamatani miili. Mwana kumlaza baba chini mbele ya watu lilikuwa jambo la kuitenga nyumba yake, la kuchinjiwa mbuzi na kuongelewa kwa kunong'ona hata kwa wajukuu. Kwa hiyo majina yalitajwa, wazee wakasikiliza, na kama yaligongana waliwatenganisha vijana kabla hawajashikana. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba majina matatu yanaweza kuwa machache.

Jumapili ya mwisho uwanja ulijaa mpaka juu ya matuta ya viazi. Angwenyi alifika pambano la mwisho, na safari hii hakufika haraka. Alikuwa amekaa na kila mtu aliyemshika. Mwanzoni watu hawakuelewa. Kisha walianza kusogea. Alipokuwa ameshikana na kijana wa kwanza aliinua uso, akawatazama, na ikaonekana wazi kabisa kwamba anaogopa na kwamba haendi popote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya muwa aliacha kumenya. Alipomwangusha wa pili, mtu alilitaja jina lake kwa sauti. Wa tatu, walilitaja wengi.

Wa mwisho alikuwa Ondieki, kutoka Nyacheki, pembe ya mbali ya ukoo wao. Alikuwa kijana mdogo, hajaota ndevu, mwenye shingo kama kisiki na tabasamu la mtu anayejua kuwa amekula vizuri. Watu wa Nyacheki walikuja naye wakipiga filimbi.

Machogu alitangulia, koti likimetameta vifungo: "Angwenyi wa Makori! Wa Ogeto!"

Mtu wa Nyacheki akajibu: "Ondieki wa Onsongo! Wa Mogire!"

Wazee walisikiliza. Makori, Ogeto. Onsongo, Mogire. Hakuna jina lililogongana. Wakaitikia kwa vichwa, na vijana wakashikana.

Lile lilikuwa pambano ambalo watu walibishana juu yake kwa miaka. Ondieki alikuwa na nguvu sawa na Angwenyi, na alikuwa mjanja zaidi wa miguu. Alimtia ngwala mara kwa mara, na kila mara Angwenyi alisimama kwa mguu mmoja, akitetemeka, macho yake yakizunguka kwenye nyuso za watu kama mtu anayetafuta ndugu zake sokoni. Walimwita. Walimwita jina kwa pamoja, na wito ule ulipofika masikioni mwake alionekana kushtuka, kisha kukaa sawa, kama mtu aliyewekewa kiti. Otiende alikuwa amekanyaga kapu lake la samaki na hana habari.

"Kaa naye!" alipiga kelele. "Kaa naye, mwanangu, tuko hapa!"

Bosibori alisimama miongoni mwa wanawake, mikono kichwani. Hakuwahi kumwona Angwenyi hivyo. Alimwona mtu ambaye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa akitafuta njia ya kutokea.

Ndipo mtu wa Nyacheki, alipoona kijana wake anaanza kuzidiwa, alipojaza kifua na kuongeza sifa.

"Mjukuu wa Mogire, usilale! Mogire aliyemfukuza chui kwa mchi! Chui akakimbia, mchi ukabaki na manyoya!"

Bosibori alishusha mikono.

Akina Mogire walikuwa wengi Gusii yote. Lakini aliyempiga chui kwa mchi alikuwa mmoja. Hadithi yake ilisimuliwa na mama mkwe, jikoni, mwaka Bosibori alipoolewa: jinsi mzee Mogire alivyotoka gizani na mchi wa mke wake mdogo, na jinsi mke huyo baadaye, baada ya ugomvi wa mashamba, alivyohamia mbali pamoja na kijana wake wakapotea. Mogire yule alikuwa babu wa mume wa Bosibori. Ogeto, babu ya Angwenyi, alikuwa mtoto wake mkubwa. Onsongo, basi, alikuwa yule kijana wa mke mdogo, aliyezaa uzeeni.

Ondieki alikuwa mjukuu wa Mogire. Mumewe naye alikuwa mjukuu wa Mogire. Huyu kijana asiye na ndevu alikuwa ndugu wa mumewe, shemeji yake. Na kwa Angwenyi, ambaye jina la Mogire lilikuwa la nne na halikutajwa, alikuwa baba.

Aligeuka kuwatazama wazee. Walikuwa upande wa pili, wamesimama, wanapiga kelele kama watoto. Hakuna aliyesikia. Angwenyi alikuwa ameingiza nyonga chini ya Ondieki, na miguu ya Ondieki ilikuwa ikiacha nyasi. Watu walikuwa tayari wameanza wimbo wa kumsindikiza. Akina mama walikuwa wamegeukia njia ya mlimani. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua, labda kwa mwaka, labda kwa kizazi. Siku moja ingejulikana, mlimani hakuna kisichojulikana, lakini siku hiyo ilikuwa mbali, na Getembe ilikuwa karibu.

Mwanamke hakuingia kwenye duara la mieleka. Bosibori aliingia. Alipita kati ya wanaume mpaka akafika walipokuwa, akasimama karibu kiasi cha kusikia pumzi zao, na akasema, bila kupaza sauti sana:

"Angwenyi. Msalimie baba yako."

Wimbo ulikatika kipande kipande, mbele kwanza, kisha nyuma. Angwenyi alibaki amemshikilia mtu hewani.

"Mama?"

"Mogire wa mchi ni wetu. Ni baba yake Ogeto. Huyo uliyemshika ni baba yako mdogo. Mshushe polepole."

Angwenyi alimshusha. Alimshusha kama mtu anavyoshusha mtungi. Alirudi nyuma, akafuta mikono kwenye mapaja, akainamisha kichwa mbele ya kijana aliyekuwa mdogo wake kwa umri.

"Tata," akasema, yaani baba.

Ondieki aliangalia kulia na kushoto. Kisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita hivyo, akaitika kwa sauti nyembamba, na watu wengine wakacheka na wengine wakajifunika vinywa. Mzee mmoja alianza kuhesabu vidole, akafika cha nne, akakaa chini kwenye nyasi.

Jambo lilikwisha hapo, kwa sheria na kwa adabu. Mwana hashindani na baba yake kwa nafasi moja. Ondieki, aliyesindikizwa na filimbi za Nyacheki tu, ndiye aliyekwenda Getembe. Huko aliangushwa na jitu la ukoo wa Kitutu mapema kabisa, na watu waliokwenda kumtazama walirudi wakiwa wamechoka na wamekasirika, wakisema barabara nzima, "Angekuwa Angwenyi."

Angwenyi alirudi kinuni. Alibeba magunia, akafungua maji, akafunga maji. Alimjibu Bosibori alipoulizwa, na hakumuuliza neno. Alihamishia mkeka wake kwa rafiki upande wa pili wa kijito. Jioni Bosibori alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akaula baridi asubuhi. Hakujitetea. Aliwaza mara nyingi, jiwe likizunguka, kwamba yeye ndiye aliyemwambia akae awatazame watu, na yeye ndiye aliyewazima watu wale wakiwa katikati ya jina lake.

Magogoni, ubishi uliwaka upya.

"Angemwangusha," Otiende aliapa. "Miguu ilikuwa juu. Nimeiona na macho yangu, nikiwa nimesimama juu ya samaki wangu mwenyewe."

"Ondieki alikuwa na ujanja mmoja amebakiza," Machogu alisema. "Hukumwona mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto ulikuwa unaaga dunia!"

Ikaendelea hivyo wiki nyingi, hadi mvua za vuli. Kisha siku moja ya soko, foleni ikiwa ndefu na kila mtu ana unyevu mabegani, Machogu alimgeukia Bosibori aliyekuwa mlangoni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hamu tu, kama wote.

"Mama, bila kukukosea heshima. Ungengoja kidogo tu. Mgongo uguse nyasi, kisha useme. Tungelipa mbuzi, yangekwisha, na kijana angekwenda Getembe. Ulituibia."

Bosibori alijipangusa unga mikononi. Lilikuwa swali lile lile alilojiuliza kila usiku.

"Hakuwaibia."

Walitafuta aliyesema. Alikuwa Angwenyi, amesimama nyuma ya foleni na gunia begani. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiingia kwenye ubishi. Hata yeye alionekana ameshtuka kujisikia, na shingo yake ikawa nyekundu chini ya weusi, lakini hakuinamisha uso. Aliwatazama: Machogu ndani ya koti lake, Otiende na kapu jipya, akina mama na nyungo zao.

"Ningemwangusha," alisema. "Otiende amesema kweli. Alikuwa ameisha."

"Nimewaambia!" Otiende akaruka.

"Halafu? Mngenisindikiza mlimani mkiimba. Mngenifikisha mlangoni. Na ndani pale angekuwapo yeye, anajua." Alielekeza kidevu kwa Bosibori. "Ningeingiaje?"

Angwenyi alishusha gunia, akavuta pumzi kama mtu aliyemaliza kazi ngumu kuliko magunia yote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alizungumza na mama yake kwanza.

"Mama, Jumapili twende Nyacheki. Ameniita. Anasema anataka kuoa, na mimi nikae kando yake wakati wa kuzungumzia ng'ombe wa mahari."

"Nani ameita?" Machogu akauliza.

"Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yangu," Angwenyi alisema, bila kutabasamu. "Yule ambaye hajaota ndevu. Anasema anahitaji mtoto mkubwa wa kumshauri."

Kisha Otiende akaanguka kutoka kwenye gogo. Machogu alicheka mpaka akafungua koti, jambo ambalo watu walilikumbuka baadaye kama mvua ya mawe. Akina mama walipiga makofi kwenye ungo, unga ukaruka, na Bosibori, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumapili ile, aliegemea mwimo wa mlango akijipangusa macho kwa leso.

"Rudia," mtu alisema kutoka nyuma ya foleni, ambaye hakuwa amesikia. "Rudia, Angwenyi! Umesema nini?"

Angwenyi alisimama pale katikati yao, nyuso zote zimemwelekea. Alingoja mpaka wakatulia, kisha akarudia, polepole zaidi.